Baada ya kibofu kuondolewa: njia nne za kukadiria kama saratani itarudi

Mtu aliyeondolewa kibofu cha mkojo kwa sababu ya saratani, pamoja na familia yake, hubaki na swali ambalo hakuna daktari anayeweza kulijibu kwa ndiyo au hapana: je, ugonjwa utarudi? Kinachowezekana ni makadirio, na siku hizi makadirio hayo yanatafutwa kwa njia kadhaa ambazo hazigharimu sawa, hazipimi kitu kimoja na hazitoi jibu wakati mmoja. Ulinganisho huu unaziweka njia nne kando kwa kando: ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa kibofu kilichoondolewa) pamoja na hatua ya ugonjwa iliyoandikwa ndani yake, nomogramu, yaani kikokotoo kinachounganisha taarifa kadhaa na kutoa asilimia moja, vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwenye tishu ya uvimbe, na kipimo cha damu kinachotafuta DNA iliyotoka kwenye uvimbe.

CT-skani za ufuatiliaji hazimo katika orodha hii, kwa sababu hazitabiri. Zinaonyesha kilichokwisha kutokea na kukua kiasi cha kuonekana. Yeyote aliyeondolewa kibofu anazihitaji, kwa kawaida kila baada ya miezi michache katika miaka 2 hadi 3 ya mwanzo na kisha mara moja kwa mwaka, hata kama makadirio yake ni mazuri kiasi gani.

Vigezo vya kulinganishia

Vigezo ni vitano. Cha kwanza ni kitu kinachopimwa na wakati ambapo jibu hupatikana. Cha pili ni usahihi, nao una pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Upande mmoja ni uwezo wa kutofautisha: tukiwachukua wagonjwa wawili, mmoja akarudiwa na saratani mapema kuliko mwenzake, je, kipimo kilimtaja yeye kuwa na hatari kubwa zaidi? Kipimo kinachobahatisha tu hupata alama 0.5, na kisichokosea kamwe hupata 1. Upande wa pili ni ukweli wa namba yenyewe: pale kipimo kinaposema wagonjwa 40 kati ya 100 watarudiwa, je, ni kweli kwamba karibu 40 hurudiwa, au huwa ni 25, au 60? Kipimo kinaweza kuwapanga wagonjwa vizuri kwa mfuatano na bado kikatoa asilimia zisizo za kweli kwa watu wa mahali fulani.

Kigezo cha tatu ni kile ambacho jibu litabadilisha katika matibabu. Cha nne ni aina ya wagonjwa ambao kipimo kilijaribiwa kwao, na cha tano ni gharama na vifaa. Kwa maoni ya mwandishi, kigezo cha tatu ndicho kinachopaswa kuulizwa kabla ya fedha yoyote kutolewa, kwa kuwa namba isiyobadilisha uamuzi wowote humwachia mgonjwa hofu mpya bila kumpa njia ya kuikabili.

Kinachopimwa, na lini

Kibofu kilichoondolewa hupelekwa maabara pamoja na tezi za limfu za nyonga. Kwa wanaume huongezwa tezi dume, na kwa wanawake mara nyingi mfuko wa uzazi na sehemu ya uke. Daktari wa patholojia huangalia saratani ilifika wapi. Herufi T inaeleza kina: T1 ni uvimbe uliopenya chini ya utando wa ndani bila kufika kwenye misuli, T2 umeingia kwenye misuli ya kibofu, T3 umevuka misuli na kufika kwenye mafuta yanayokizunguka kibofu, na T4 umevamia viungo vya jirani au ukuta wa nyonga au wa tumbo. Herufi N inaeleza tezi za limfu: N0 maana yake hakuna iliyokutwa na saratani, N1 ni tezi moja ya nyonga, N2 ni zaidi ya moja, na N3 ni tezi zilizo juu zaidi, kandokando ya mishipa mikuu ya iliaki. Herufi ndogo p inayotangulia inaonyesha kwamba hatua imesomwa kwenye kiungo chenyewe kilichokatwa, si kwenye picha. Na yp inaonyesha kwamba mgonjwa alikuwa amepewa dawa kabla ya upasuaji.

Ripoti iliyo kamili haiishii kwenye T na N. Hutaja aina ya seli za saratani, hueleza kama ukingo wa sehemu iliyokatwa ulikuwa safi, kama seli za saratani zilionekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu, na ni tezi ngapi zilizochunguzwa. Taarifa hii ya mwisho hupuuzwa mno. N0 iliyotokana na tezi 3 haina uzito sawa na N0 iliyotokana na tezi 20, kwa sababu katika ile ya kwanza huenda tezi yenye ugonjwa haikutazamwa kabisa. Hata hivyo, haimaanishi kwamba kuondoa tezi nyingi kupita kiasi kunaponya zaidi: jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2024, likiwa na wagonjwa 592, lilionyesha kwamba kupanua eneo la kuondoa tezi kupita lile la kawaida hakukupunguza kurudi kwa saratani.

Nomogramu haipimi kitu kipya mwilini. Huchukua yaliyomo kwenye ripoti, huongeza mambo kama umri, jinsia na muda uliopita tangu ugonjwa ulipogunduliwa hadi siku ya upasuaji, hukipa kila kimoja alama zake, kisha hujumlisha na kutoa uwezekano wa kurudi kwa saratani ndani ya miaka kadhaa. Mbili zinazojulikana zaidi zilichapishwa mwaka 2006. Moja ilitokana na ushirikiano wa kimataifa wa vituo 12 uliokusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 9,000. Nyingine, iliyotokana na wagonjwa wachache zaidi, ilijumuisha pia seli zilizoonekana ndani ya mishipa midogo na saratani changa iliyotanda juu ya utando bila kupenya chini yake, ikiambatana na uvimbe mkuu. Jibu hupatikana siku ileile ripoti inapotoka.

Vipimo vya vinasaba vya tishu husoma ni jeni zipi zinafanya kazi kwa wingi ndani ya uvimbe, kisha huuweka uvimbe kwenye kundi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2017, uliochunguza vivimbe 412, uliyagawa makundi hayo kuwa 5. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanya sampuli 1,750 na kukubaliana juu ya makundi 6. Kipimo kinaweza kufanywa hata kwenye kipande kilichotolewa kupitia njia ya mkojo kabla ya kibofu kuondolewa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote: jibu linaweza kufika wakati bado kuna uamuzi wa kufanya kuhusu dawa za kabla ya upasuaji.

Kipimo cha damu kinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Seli za saratani zinapokufa humwaga vipande vya DNA yake kwenye damu, na vipande hivyo vina mabadiliko ambayo seli za kawaida hazina. Katika aina iliyotumika zaidi kwenye majaribio, Signatera ya kampuni ya Marekani ya Natera, maabara husoma kwanza DNA ya uvimbe wa mgonjwa husika, huchagua hadi mabadiliko 16 yaliyo ya uvimbe huo tu, kisha huyatafuta kwenye damu baada ya upasuaji. Damu ya kwanza huchukuliwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na kurudiwa mara kwa mara. Hapa swali lenyewe limebadilika. Njia tatu za mwanzo zinauliza watu wanaofanana na mgonjwa huyu walipatwa na nini. Kipimo cha damu kinauliza kama kuna saratani iliyobaki mwilini mwake sasa hivi.

Usahihi

Hatua peke yake inaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Mfululizo wa wagonjwa unaotajwa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Southern California uliochapishwa mwaka 2001, wenye wagonjwa 1,054 waliofanyiwa upasuaji kati ya mwaka 1971 na 1997. Kwa ujumla wao, asilimia 68 hawakuwa wamerudiwa baada ya miaka 5, na baada ya miaka 10 idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 66 tu. Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa kwa mgonjwa: saratani hii, ikiwa itarudi, kwa kawaida hurudi mapema, na katika mfululizo huo nusu ya waliorudiwa walirudiwa ndani ya takriban mwaka mmoja.

Ukitazama hatua, picha inatawanyika. Wenye saratani iliyoishia kwenye misuli ya juujuu, tezi zikiwa safi, asilimia 89 walikuwa salama baada ya miaka 5. Iliyofika kwenye misuli ya ndani zaidi, asilimia 78. Iliyofika kwenye mafuta, asilimia 62. Iliyovamia viungo vya jirani, asilimia 50. Wale ambao tezi zao zilikutwa na saratani walikuwa robo hivi ya wagonjwa wote, na kati yao asilimia 35 ndio waliobaki bila kurudiwa. Ncha mbili za ngazi hii zinaeleweka vizuri. Taabu iko katikati. Mgonjwa wa T3 mwenye tezi safi anaambiwa kwamba 62 kati ya 100 walio kama yeye hawarudiwi, na ripoti haina namna ya kumweleza kama yeye yumo ndani ya wale 62 au wale 38.

Nomogramu inapunguza pengo hilo kwa kiasi, si kwa wingi. Ile ya ushirikiano wa vituo 12 ilipata alama ya kutofautisha 0.75, wakati hatua ya TNM (zile T na N, pamoja na M ya kusambaa mbali) peke yake ilipata 0.68 kwa wagonjwa haohao. Huo ni uboreshaji wa kweli, na haugharimu chochote, lakini bado kuna wengi wanaopangwa mahali pasipo pao. Vilevile namba inayotoka huwa na sura ya uhakika kupita uwezo wake: mtu akiambiwa asilimia 37 huona ni kipimo cha mizani, ilhali ni wastani wa kundi ambalo huenda halifanani naye katika mambo ambayo kikokotoo hakiyajui.

Makundi ya vinasaba yanaeleza vizuri tabia ya uvimbe. Kundi linalofanana na seli za mfumo wa neva lina mwenendo mbaya, na makundi yanayofanana na utando wa kawaida wa kibofu mara nyingi huishia ndani ya kibofu chenyewe. Lakini kibofu kikishaondolewa na hatua ikajulikana, T na N hubeba sehemu kubwa ya habari ambayo vinasaba vingeitoa, na kinachoongezwa juu yake hakijawa thabiti kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Isitoshe, uvimbe mmoja unaweza kuwa na maeneo ya makundi mawili, hivyo jibu likategemea kipande kilichokatwa.

Kipimo cha damu ndicho kilichotoa matokeo ya kushangaza zaidi. Watafiti wa Aarhus nchini Denmark walichapisha mwaka 2019 matokeo ya wagonjwa 68 waliofuatiliwa kwa damu kabla na baada ya kuondolewa kibofu. Wengi wa waliokutwa na DNA ya uvimbe baada ya upasuaji walirudiwa, na wale ambao damu yao ilibaki safi katika ufuatiliaji hawakurudiwa. Kwa waliorudiwa, damu ilionyesha dalili siku 96 kabla ya picha, kwa kipimo cha kati, yaani kwa nusu yao muda ulikuwa mrefu zaidi na kwa nusu mfupi zaidi. Kundi hilo lilikuwa dogo, na ni haki msomaji akasita. Mwaka 2021 ukaja uchambuzi wa damu za wagonjwa 581 kutoka IMvigor010, jaribio la dawa ya atezolizumab baada ya upasuaji: asilimia 37 walikuwa na DNA ya uvimbe baada ya upasuaji, na hao walikabiliwa na hatari kubwa mno ya kurudiwa ikilinganishwa na wenzao ambao damu yao ilikuwa safi.

Hata hivyo, damu safi si hati ya kuachiliwa. Katika jaribio lililofuata, IMvigor011, lililotangazwa mwaka 2025, wale ambao vipimo vyao vilibaki safi mfululizo walikuwa bila ugonjwa kwa kiwango cha takriban asilimia 95 baada ya mwaka mmoja na asilimia 88 baada ya miaka 2. Ni matokeo mazuri sana, lakini yanatokana na kupima mara nyingi, si mara moja. Kipimo hiki pia kinaweza kupitwa na uvimbe mpya unaozuka kwenye mirija ya figo au kwenye mrija wa nje wa mkojo, kwa kuwa mabadiliko yake ya DNA huenda si yale yaliyochaguliwa kutoka kwenye kibofu.

Jibu linabadilisha nini

Dawa za kinga ya mwili, yaani zinazouamsha mfumo wa kinga uishambulie saratani, ndizo zilizoyafanya makadirio haya kuwa na uzito mpya. Zamani mgonjwa aliyekuwa na hatari kubwa baada ya upasuaji alipewa tibakemikali yenye sisplatini kama figo zake ziliruhusu, na figo za wengi haziruhusu. Mwaka 2021 jaribio la CheckMate 274, lenye wagonjwa 709, lilionyesha kwamba nivolumab, mojawapo ya dawa hizo, iliyotolewa kwa mwaka mmoja baada ya upasuaji iliongeza muda wa kukaa bila ugonjwa kutoka miezi 10.8 hadi 20.8 kwa kipimo cha kati, na Marekani ikaiidhinisha mwezi Agosti mwaka huohuo. Matokeo ya jaribio la dawa nyingine ya aina hiyo, pembrolizumab, yalifuata mwaka 2024, yakiwa na miezi 29.6 dhidi ya 14.2.

Jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulishika ni jinsi washiriki wa CheckMate 274 walivyochaguliwa. Hawakuchaguliwa kwa nomogramu, wala kwa vinasaba, wala kwa damu. Walichaguliwa kwa ripoti ya patholojia: T3 au zaidi, au tezi zenye saratani, na kwa waliokuwa wamepata tibakemikali kabla ya upasuaji, T2 au zaidi, au tezi zenye saratani. Upasuaji ulipaswa kuwa umefanyika ndani ya siku 120. Kwa hiyo ripoti yenye upungufu, au iliyokaa maabara kwa miezi, inaweza kumnyima mtu tiba ambayo hakuna kipimo cha kisasa kingeweza kumrudishia.

Kwa upande wa damu, hadithi ina mizunguko. IMvigor010 iliwapa wagonjwa 809 wa hatari kubwa ama atezolizumab, nayo ni dawa ya kinga, ama ufuatiliaji tu, na kwa jumla yao dawa haikusaidia. Watafiti walipotazama damu, waliona kwamba wenye DNA ya uvimbe walionekana kunufaika huku wasio nayo wakikosa faida, lakini kugundua jambo baada ya jaribio kwisha si ushahidi wa kutosha. IMvigor011 ikaundwa kulijaribu wazo hilo kwa makusudi: wagonjwa walipimwa damu mara kwa mara kwa hadi mwaka mmoja, na wale 250 waliokutwa na DNA ya uvimbe bila chochote kuonekana kwenye picha wakapangwa kwa kura kupata atezolizumab au dripu isiyo na dawa. Muda wa kati wa kukaa bila ugonjwa ulikuwa miezi 9.9 dhidi ya 4.8, na muda wa kuishi miezi 32.8 dhidi ya 21.1. Kwa mara ya kwanza katika ugonjwa huu, kipimo cha kutabiri kilithibitishwa kwa kubadilisha matokeo, badala ya kuyatangaza tu mapema.

Linabaki swali gumu: mgonjwa wa T3 ambaye damu yake ni safi aache nivolumab? Jaribio lililofanya dawa hiyo iidhinishwe halikumtenga kwa damu yake, na dawa za kinga zinaweza kuushambulia mwili wenyewe, kuanzia tezi ya thairoidi hadi mapafu, ini na utumbo, mara nyingine kwa kudumu. Madaktari waangalifu hawakubaliani hapa, na mgonjwa anayeelezwa kwamba jibu ni rahisi, kwa upande wowote, ana haki ya kuuliza tena.

Nomogramu inasaidia zaidi katika mazungumzo: kumwonyesha mtu wa hatari ndogo kwamba hana sababu ya kukimbilia dawa, au kumsaidia aliye mpakani kuamua. Vipimo vya vinasaba vya tishu baada ya upasuaji, kwa sasa, haviamui nani apewe dawa ya ziada. Visichanganywe na uchunguzi wa jeni ya FGFR3, unaofanywa ili kujua kama saratani iliyosambaa itafaa kutibiwa kwa erdafitinib. Huo unachagua dawa, hautabiri kurudi.

Njia hizi zilijaribiwa kwa nani

Kigezo hiki kinawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa karibu. Sehemu kubwa ya ushahidi uliotajwa hapo juu inatokana na saratani ya seli za utando wa mkojo, ambayo huko Ulaya na Marekani husababishwa hasa na tumbaku. Katika maeneo yenye kichocho cha mkojo, kuanzia Zanzibar na pwani hadi kanda ya Ziwa Victoria, kuna wagonjwa wengi zaidi wenye aina nyingine, saratani ya seli bapa. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliko Lyon uliutangaza mnyoo wa kichocho cha mkojo kuwa chanzo cha saratani mwaka 1994, na si jambo la kubishaniwa tena.

Saratani hii ya seli bapa ina mwenendo wake. Mansoura nchini Misri, ambako upasuaji huu umefanywa kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote, madaktari walichapisha mwaka 1997 matokeo ya wagonjwa 1,026, na zaidi ya nusu yao walikuwa na aina hiyo. Inaporudi, mara nyingi hurudi palepale kwenye nyonga, kuliko kusambaa mbali. Maana yake kwa ulinganisho huu ni kwamba hatua ya T na N inabaki na nguvu, na ukingo wa upasuaji unapata uzito wa pekee. Nomogramu ya vituo 12 ina nafasi ya kuingiza seli bapa, hivyo inatumika, lakini ile nyingine haimfai mgonjwa huyu. Majaribio ya damu na dawa za kinga yalilenga saratani ya seli za utando, na kumwekea mgonjwa wa seli bapa tupu asilimia zilizotoka huko ni kumvalisha nguo ya mtu mwingine.

Kuna tahadhari nyingine kwa watumiaji wa nomogramu. Takwimu zake ni za kabla ya mwaka 2006, enzi ambayo wachache walipata tibakemikali kabla ya upasuaji. Mgonjwa wa ypT2 si sawa na wa pT2: wa kwanza ana saratani iliyostahimili dawa. Kinyume chake, aliyepata dawa na kukutwa bila saratani yoyote kwenye kibofu ana matumaini makubwa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, wagonjwa wa namna hiyo asilimia 85 walikuwa hai baada ya miaka 5.

Gharama na vifaa

Ripoti ya patholojia imo tayari ndani ya gharama ya upasuaji, na kuomba ikamilishwe au isomwe upya na mtaalamu wa pili ni nafuu ukilinganisha na kitu kingine chochote kilichotajwa hapa. Nomogramu ni bure. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York imeiweka wazi mtandaoni, ingawa ni busara kuijaza pamoja na daktari. Vipimo vya vinasaba na vya damu ni ghali, huhitaji maabara maalumu ambazo nyingi ziko nje ya Afrika, na cha damu kinahitaji kurudiwa. Vyote viwili vinategemea kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa vizuri kwenye nta, kwa hiyo hata asiyekusudia kuvifanya leo aulize kama vipande hivyo vinatunzwa na kwa muda gani.

Gharama ya kipimo isihesabiwe peke yake. Kipimo cha damu kinachosema saratani ipo huleta gharama ya dawa ya mwaka mzima, na familia inayojua tangu mwanzo kwamba dawa hiyo haipatikani, au haitalipiwa na bima, ijadili na daktari kama inataka kulijua jibu hilo.

Kuchagua kwa kufuata hali ya mgonjwa

Kwa ambaye bado hajafanyiwa upasuaji, nguvu zielekezwe kwenye mambo mawili: kujua kama tibakemikali ya kabla ya upasuaji inawezekana, na kuhakikisha kwamba tezi za nyonga zitaondolewa na kuhesabiwa. Kipimo cha vinasaba cha tishu, kama kipo na kinalipiwa, kina nafasi hapa zaidi kuliko baadaye.

Aliyemaliza upasuaji na ripoti inasema T2 au chini, tezi nyingi zimechunguzwa na zote ni safi, na hakupewa dawa kabla, hatua pamoja na nomogramu kwa kawaida zinamtosha. Kipimo cha damu kinaweza kumtuliza akili, lakini kwake uwezekano wa kukuta kitu ni mdogo na gharama inabaki ileile.

Mwenye T3, T4 au tezi zenye saratani, na ambaye anaweza kupata dawa ya kinga au tibakemikali, asisubiri kipimo chochote cha ziada ndipo amwone daktari bingwa wa saratani, kwa sababu ripoti tayari inampa sifa ya kutibiwa na siku zinahesabiwa. Kama kipimo cha damu kinapatikana, kifanyike sambamba; kitamsaidia hasa anayesita kwa sababu ya madhara ya dawa, au ambaye ana ugonjwa wa kinga unaofanya dawa hizo kuwa za hatari kwake.

Mwenye ypT2 au zaidi baada ya tibakemikali aiweke nomogramu ya zamani kando na kuhesabiwa kuwa mwenye hatari kubwa. Mwenye T3 na tezi safi ambaye ripoti yake ilitazama tezi 3 au 4 tu asiiamini sana ile N0, na kwake kipimo cha damu kina thamani kubwa kuliko kwa wengi.

Mwenye saratani ya seli bapa iliyotokana na kichocho ategemee hatua, ukingo wa upasuaji na nomogramu ya vituo 12, na amwombe daktari aitazame nyonga kwa makini katika kila picha. Kama ukingo haukuwa safi, suala la mionzi lijadiliwe mapema.

Na kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, ambaye hatapata dawa ya ziada kwa sababu ya figo, umri au fedha, makadirio ya kina hayatambadilishia tiba. Kwake fedha zilizopo zitumike kwa nauli na CT-skani za miaka 2 ya mwanzo, kipimo cha figo, na vitamini B12 katika miaka inayofuata, kwa kuwa kipande cha utumbo mdogo kilichotumika kutengeneza njia mpya ya mkojo ndicho kilichokuwa kikiifyonza vitamini hiyo.